Kupunguza uzito na usingizi katika michezo ya mapigano

Kupunguza uzito kabla ya pambano ni desturi ya wanamichezo wa ngumi, mieleka, judo, taekwondo na michezo mingine ya mapigano kupoteza kilo kadhaa kwa siku chache, ili washindane katika kundi la uzito lililo chini ya uzito wao wa kawaida. Lengo ni kukutana na mpinzani mwenye umbo dogo. Desturi hiyo, pamoja na mazoezi makali, huvuruga usingizi, hasa usiku wa kuamkia siku ya kupima uzito.

Njia zinazotumika

Sehemu ya uzito hupunguzwa polepole kwa kula kidogo na kuongeza mazoezi. Kilo za mwisho huwa hasa ni maji: mwanamichezo hupunguza chumvi na vyakula vya wanga, huacha kunywa, hukimbia akiwa amevaa nguo nzito au za plastiki, au hukaa katika chumba cha joto (sauna). Wengine hunywa maji mengi kwa siku kadhaa kisha huacha ghafla. Dawa za kuongeza mkojo zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli.

Athari kwa usingizi

Mtu anapoelekea kulala, joto la ndani ya mwili hushuka na moyo hupiga polepole. Mazoezi makali ya usiku hufanya kinyume chake: hupandisha joto na kuongeza adrenalini. Upungufu wa maji huongeza mapigo ya moyo na kuufanya mwili ushindwe kujipoza vizuri. Njaa huchochea oreksini, kemikali ya ubongo inayomfanya mtu akae macho. Anayekunywa maji mengi huamka mara kwa mara kukojoa, na kahawa inayonywewa jioni ili kuondoa uchovu huchelewesha usingizi.

Kukosa usingizi nako hufanya kupunguza uzito kuwe kugumu zaidi. Homoni ya njaa, ghrelini, huongezeka, na anayekula kidogo huku akilala kidogo hupoteza misuli zaidi kuliko anayelala vya kutosha. Wepesi wa kuitikia hupungua pia, jambo la hatari kwa mtu anayetakiwa kukwepa ngumi za kichwa.

Mifano

Katika Olimpiki ya Paris, tarehe 6 Agosti 2024, mwanamieleka Vinesh Phogat wa India alishinda mapambano 3 na kuingia fainali ya kilo 50. Jioni uzito wake ulikuwa umezidi kwa zaidi ya kilo 2. Alikesha akifanya mazoezi na kujitoa jasho, hata nywele zake zikapunguzwa. Asubuhi alikutwa amezidi kwa takriban gramu 100, akaondolewa mashindanoni.

Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakipunguza uzito kwa haraka.

Kanuni

Baada ya vifo hivyo, mieleka ya vyuo vya Marekani ilipiga marufuku sauna na nguo za mpira, na kusogeza upimaji karibu na muda wa pambano. Katika judo ya kimataifa uzito hupimwa siku moja kabla. Asubuhi ya mashindano baadhi ya wachezaji hupimwa tena, na hawaruhusiwi kuzidi kiwango kwa zaidi ya asilimia 5. Ngumi za kulipwa hupima siku moja kabla, hivyo bondia hupata usiku mmoja wa kurudisha maji na kulala.

Kupunguza madhara

Njia salama zaidi ni kuchagua kundi lililo karibu na uzito wa kawaida, na kupunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mazoezi makali hufanywa mapema mchana, na chumba cha kulala huwa chenye giza na ubaridi. Watu wazima huhitaji angalau saa 7 za usingizi. Vijana wanaokua huhitaji zaidi, na kwao kupunguza uzito kwa haraka kuna hatari kubwa.