Lakiri ya Injini

Kwa watu wa Karatu wa zamani, kipimo cha gari kilikuwa kimoja: je, litapanda mlima wa Rhotia wakati wa masika? Hakuna aliyeuliza ukubwa wa silinda wala aina ya kabureta. Lakini katika michezo ya magari swali la injini ndilo swali la kwanza, na historia yake ina funzo kwa mtu yeyote aliyewahi kusimamia mashindano, uchaguzi au mtihani.

Mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka gari la kawaida, lile ambalo mtu hulinunua dukani, bila kuongezewa nguvu na fundi. Tena hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini. Waliyagawa kwa bei. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, na la ghali na la ghali mwenzake. Baadaye, mashindano yalipopata hadhi ya kimataifa, kipimo cha bei kiliachwa, kikafuatwa kile cha ulimwengu: ukubwa wa injini na kuidhinishwa kwa gari na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA.

Kuidhinishwa maana yake ni hii. Kiwanda hupeleka vipimo, picha na maelezo ya gari lake, na huonyesha kwamba kimetengeneza idadi iliyotakiwa. Kwa kundi lililoitwa B, lililoanza mwaka 1982, idadi hiyo ilikuwa magari 200. Kisha mkaguzi huchukua karatasi ile na kuilinganisha na gari lililo mbele yake. Isipolingana, gari halimo.

Utaratibu huo umefika hata kwenye karti, vile vigari vidogo vilivyo karibu kugusa ardhi. Cha kwanza kilitengenezwa na Art Ingels huko California mwaka 1956, kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi. Ulikuwa mchezo wa watu wa kawaida. Lakini palipo na ushindani, mwenye fedha hutafuta fundi wa kumpita mwenzake. Mwaka 1962 ikaundwa tume ya kimataifa ya kusimamia karti, na injini nazo zikaja kuidhinishwa. Kampuni ya Rotax ya Austria ilikwenda mbali zaidi: injini zake za mashindano hutiwa lakiri, na fundi asiye na idhini haruhusiwi kuzifungua.

Je, lakiri huzuia udanganyifu? Mwaka 1995, katika mashindano ya dunia huko Catalunya, Hispania, timu ya Toyota ilikutwa na kifaa kilichoruhusu hewa nyingi kuingia kwenye injini kuliko ilivyoruhusiwa. Kilifichwa kwa ustadi mkubwa. Timu ilinyang'anywa pointi zake na kufungiwa miezi 12. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ilibidi awepo mkaguzi wa kuifikia.

Katika miaka ya 1960 mashindano yetu ya Afrika Mashariki yalipita nyanda za Mbulu, na Karatu ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Sisi vijana tulisimama kando ya barabara siku za Pasaka, matope yakiturukia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Aliyeshinda aliendesha Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye kwa Peugeot 404. Tulifurahi kwa sababu gari la namna ile tulilijua. Lilibeba abiria katika barabara zetu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tulikuwa watazamaji. Sheria ilipima injini kwa sentimita za ujazo, lakini haikupima ni nani aliyeweza kumiliki gari na kulipia mafuta na vipuri. Magari yalisawazishwa, watu hawakusawazishwa.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi katika kazi ya ualimu. Kila mwaka nilifungua bahasha ya mtihani yenye lakiri mbele ya wanafunzi, wakiona kwa macho yao kwamba haijaguswa. Karatasi ile ilikuwa moja kwa nchi nzima. Mtoto wa kijijini aliyetembea saa mbili kuja shule isiyo na maabara aliulizwa swali lilelile aliloulizwa mtoto wa mjini mwenye maabara na maktaba. Lakiri ililinda mtihani, na ni lazima ilindwe, kwa maana bila hiyo mtoto wa maskini angepoteza hata ile nafasi ndogo aliyo nayo. Lakini lakiri haijengi maabara.

Ndiyo maana sikidharau kipimo cha mwaka 1953. Kilikuwa na kasoro zake, lakini kiliuliza kwanza gari limegharimu kiasi gani, ndipo kikauliza limekwenda kasi gani. Wanaopanga watoto wetu kwa alama wangefanya vema kuuliza maswali hayo mawili kwa mpangilio huohuo.