Ardhi ya Pamoja Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Wachagga wa Kilimanjaro wanafahamika zaidi kwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lililozungushiwa masale na kurithiwa ndani ya ukoo. Hata hivyo, kihamba peke yake hakikutosha kuendesha nyumba. Ng'ombe wa zizini walihitaji nyasi, jiko lilihitaji kuni, na migomba ilihitaji maji wakati wa kiangazi. Mahitaji hayo yalipatikana katika maeneo ambayo hayakuwa mali ya mtu mmoja: msitu wa juu, pori la chini na mifongo, yaani mifereji ya maji.

Vihamba vilitanda katikati ya mlima, takriban kati ya mita 1,000 na 1,800. Juu yake watu walipata kuni, nguzo, dawa na asali. Chini, kwenye tambarare, walilima ulezi, na baadaye mahindi, katika vipande ambavyo havikurithiwa kwa uzito ule wa kihamba. Wanawake walishuka huko kukata nyasi, wakapanda nazo kichwani hadi nyumbani. Ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa chini ya mangi, yaani mtawala wa jadi, naye ndiye aliyeigawa kwa wahitaji.

Mfongo ndio uliodai ushirikiano mkubwa zaidi. Ni mfereji uliochimbwa kutoka kwenye mto, ukafuata ubavu wa mlima hadi vihambani. Uliitwa kwa jina la ukoo ulioanza kuuchimba, na wazee wake walipanga zamu za maji. Kila nyumba iliyoutumia ilitoa mtu wa kuzoa tope na kuziba palipobomoka. Aliyekwepa kazi alitozwa faini au kunyimwa zamu. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884, aliustaajabia ustadi wa umwagiliaji huo.

Utawala wa kikoloni ulianza kuyabana maeneo hayo ya pamoja. Wakati wa Wajerumani, walowezi walichukua mashamba makubwa katika miteremko ya chini, kati ya vihamba na tambarare. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitangaza msitu wa mlima kuwa hifadhi ya serikali. Wakati huohuo kahawa ilienea kwa kasi. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika, kikafuata mwaka 1933. Idadi ya watu nayo iliongezeka, vijana wakatafuta vihamba vipya, na ardhi iliyokuwa wazi ikajaa mibuni na nyumba.

Upungufu wa kuni na nyasi ndio uliozaa Nusu Maili mwaka 1941. Ukanda wa upana wa nusu maili, karibu mita 800, ulitengwa kati ya vihamba na hifadhi, katika miteremko ya kusini na mashariki. Ulisimamiwa na Baraza la Wachagga, likapanda miti ili wananchi wapate kuni, nguzo, mbao na malisho bila kuingia katika msitu wa asili. Ukanda huo ukawa ngao ya msitu na ghala la kaya kwa pamoja.

Baada ya uhuru mamlaka yalihama. Utawala wa mamangi ulifutwa mwaka 1963, na mwaka 1972 serikali za mitaa zikavunjwa. Sheria ya mwaka 1974 iliweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya Jamhuri, ingawa wazee wa mifongo waliendelea kugawa zamu. Nusu Maili ilipotoka mikononi mwa chombo cha wenyeji, miti yake ilikatwa kwa wingi kuliko ilivyopandwa. Serikali za mitaa zilirejeshwa mwaka 1984, lakini ulinzi wa zamani haukurudi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwenye maeneo yaliyo juu ya msitu, ilipanuliwa mwaka 2005 ikauchukua msitu wenyewe. Tangu hapo haki ya wanakijiji kukata nyasi na kuokota kuni katika Nusu Maili imekuwa chanzo cha mgogoro.

Historia hii inatoa fundisho lililo wazi. Mfongo ulidumu kwa sababu aliyekunywa maji yake ndiye aliyeuzibua, na aliyepanga zamu aliishi miongoni mwa waliozingoja. Nusu Maili ilinawiri iliposimamiwa na walioihitaji, ikadhoofika waliponyimwa usimamizi. Msitu wa Kilimanjaro utalindwa vyema iwapo wanaoishi kando yake watakuwa na haki ndani yake, pamoja na wajibu unaoendana na haki hiyo.