Nguzo za Vicenza, Zege la Pasiansi

Ukitoka Mwanza mjini kwenda uwanja wa ndege, ukishapita Kirumba unaingia Pasiansi. Huko, katikati ya miamba, utaona nyumba zenye nguzo nne mbele, matao juu ya madirisha, na roshani zilizozungushiwa vinguzo vilivyonenepa tumboni. Wenyewe huziita za kisasa, ingawa mtindo huo una zaidi ya miaka 400.

Wasomi wa ujenzi huzicheka: tofali lililopigwa plasta linajifanya jiwe! Lakini ndivyo ilivyoanza. Andrea Palladio, aliyezaliwa Padova, Italia, mwaka 1508, alikuwa mwashi wa mawe kabla hajaitwa msanifu. Majumba aliyowajengea wenye mashamba karibu na Vicenza yana nguzo nyingi za matofali yaliyopigwa lipu, kwa sababu jiwe la kuchonga lilikuwa ghali. Kitabu chake cha michoro kilichapwa Venice mwaka 1570. Waingereza wakakipenda mno, na mtindo wake ukasafiri nao hadi kwenye makoloni yao. Fundi wa Pasiansi anayefunga nondo, akamimina zege kwenye kalibu na kuinyoosha plasta kwa mkono hamdanganyi mtu. Kazi ni ileile.

Kinachopotea ni kina. Kibaraza cha Palladio ni kipana, watu wanakaa kivulini na upepo unapita. Vya kwetu vingi havitoshi hata kiti. Ni sura tu ya kutazamwa kutoka barabarani, tena mbele ya ziwa lenye upepo wa bure.

Waitalia wenyewe walijenga mbali na hapa. Asmara ilijaa majengo yao hata UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2017. Kanisa kuu la Mogadishu, la mwaka 1928, liliiga lile la Cefalù kule Sicily. Vita vimeliacha gofu. Mai Mahiu nchini Kenya, wafungwa wa vita waliokuwa wakichonga barabara waliacha kikanisa kidogo mwaka 1942. Na kwetu Tanzania wapo wamisionari Wakonsolata waliofika Iringa mwaka 1919: Tosamaganga bado ina kanisa lao na nyumba za mapaa mekundu.

Paa hilo jekundu limefika Pasiansi likiwa bati la msauzi, lililokunjwa ngazi kwa ngazi kuiga vigae. Jua la saa nane likilipiga, chumba kinafukuta, na dari la jipsamu, pamoja na maua yake yote, halisaidii sana.

Kitu cha Kiitalia kilichotufaa kuliko vyote kiko miguuni: terazo. Mafundi wa Venice na Friuli walikusanya masalia ya marumaru, wakayapachika sakafuni na kuyasugua mpaka yang'ae. Kwetu saruji ilichukua nafasi ya chokaa, na sakafu hizo zikaenea kwenye ofisi, shule na maduka ya Wahindi. Leo wenye nyumba wanazifunika kwa vigae vya dukani. Sioni sababu. Kigae kikipasuka baada ya miaka mitano, rangi yake haipo tena sokoni. Terazo likipauka, fundi analeta mashine na kulisugua upya.