Usawa wa kijinsia Kileo na Upare: juhudi za serikali

Kileo ni kata ya Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, upande wa kaskazini wa Upare. Juhudi za Serikali ya Tanzania za kuleta usawa kati ya wanawake na wanaume humfikia mkazi wa Kileo kwa njia zilezile zinazomfikia mkazi wa wilaya jirani ya Same: halmashauri ya kijiji, afisa maendeleo ya jamii wa kata, dawati la jinsia la polisi na mkopo wa halmashauri ya wilaya. Huko Upare, juhudi hizo zimepiga hatua zaidi kwenye uongozi kuliko kwenye urithi wa ardhi na ndoa.

Kwenye uongozi wanawake wa Upare hawakusubiri sera. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi mpya katika miaka ya 1940, kodi iliyopanda kulingana na mali ya mtu na ambayo Wapare waliiita mbiru, maelfu ya wanaume walishuka Same Januari 1945 wakapiga kambi kuipinga. Kazi zote za shamba na nyumba ziliwaangukia wake zao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, sehemu ya Mwanga ya leo, walimkabili mkuu wa wilaya wenyewe, wakataka suala hilo lifike mwisho na waume zao warudi. Kodi hiyo hatimaye ilifutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu mapambano hayo, kilichotoka mwaka 1971, na yeyote anayedhani siasa za wanawake wa vijijini zililetwa na semina angefaidika kukisoma.

Ari hiyo imeonekana tena kwenye sanduku la kura. Ibara ya 66 ya Katiba inatenga viti maalumu vya wanawake bungeni, visivyopungua asilimia 30, lakini Jimbo la Same Mashariki limekuwa likichagua wanawake kwa kura za jimbo. Anne Kilango Malecela alilishikilia hadi mwaka 2015, aliposhindwa na mwanamke mwenzake, Naghenjwa Kaboyoka wa Chadema, ambaye baadaye aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Mwaka 2020 Kilango alirudi.

Chini ya Bunge, nguvu kubwa zaidi ya sheria iko kijijini. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao angalau lazima wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi: inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi, na inaitaka halmashauri ya kijiji ishughulikie ombi la mwanamke kwa uzito uleule wa ombi la mwanamume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wanawake. Kwa hiyo mjane anayegombania kipande cha shamba na shemeji zake, kila upande ukinyoosha kidole kwenye mimea ya masale ya mpakani, hasimami tena mbele ya wazee wa ukoo wa mume peke yao. Anaweza pia kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila yenye jina lake.

Hata hivyo shamba la Mpare kwa desturi hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na mara nyingi mgawanyo hufanyika nyumbani, kwa maneno, kabla karatasi yoyote haijaandikwa. Baraza husubiri mtu alete shauri. Binti anayeona aibu kumshtaki kaka yake halipeleki, na hapo sheria nzuri ya 1999 inabaki kimya. Ingesaidia sana kama viongozi wa vijiji wangesimamia uandikishaji wa majina ya mke na mume kwenye hati tangu siku ya kupima shamba, badala ya kungoja msiba.

Upande wa kipato, halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliingizwa katika sheria mwaka 2018. Kina mama huunda kikundi, huandika katiba, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hufungua akaunti, kisha hupeleka muhtasari wa kikao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikairudisha mwaka 2024. Kwa kikundi kilichokuwa kimepanga kununua mbegu za msimu, kusitishwa huko hakukuwa jambo dogo.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au ndoa. Inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba hupata siku tatu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa. Mwalimu na muuguzi wanafaidika. Mwanamke anayelima shamba la familia hana mwajiri wa kumdai likizo.

Kwake yeye maji yanaweza kuwa na uzito kuliko sheria zote za kazi. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulisuasua kwa miaka mingi hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 9, 2025, siku moja baada ya Siku ya Wanawake Duniani. Kuwatua kina mama ndoo kichwani ni kuwarudishia saa za mchana.

Ukatili unashughulikiwa na Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi na kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana akiwa na 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa ikashindwa Oktoba 2019. Hadi mwisho wa mwaka 2024 vifungu hivyo vilikuwa havijarekebishwa.