Kamera Ngumu Ndogo au DSLR ya Zamani: Hesabu ya Mutanga Nord

Mtaa wa Mutanga Nord, mjini Bujumbura, umekaa kwenye mteremko upande wa kaskazini wa mto Ntahangwa. Nyuma yake ni vilima, mbele yake mji unashuka hadi Ziwa Tanganyika. Jua hutua ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Uvira, karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na kwa kuwa ikweta iko karibu, giza halichelewi. Mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, na miezi inayobaki ni ya vumbi. Anayetafuta kamera ya bei nafuu hapa anakuwa na njia mbili: kamera ndogo ngumu isiyoogopa maji, au DSLR ya zamani iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Swali analouliza kila mtu ni ipi inapiga picha nzuri zaidi. Swali hilo lina jibu rahisi, na ndiyo sababu halisaidii sana.

Kamera ngumu ina nasaba ndefu. Mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters alibuni kamera ya Calypso kwa ajili ya wapiga mbizi wa mvumbuzi wa bahari Jacques Cousteau, na Nikon ikaichukua na kuiuza kwa jina la Nikonos kuanzia 1963. Wajapani nao walikuwa na kamera ya filamu ya Konica iliyoitwa Genba Kantoku, yaani msimamizi wa eneo la ujenzi, iliyokusudiwa kushikwa na mikono yenye saruji. Kizazi cha sasa kinajulikana zaidi kwa mfululizo wa Olympus Tough: TG-1 ilitoka 2012, TG-5 ikaja 2017, TG-6 ikafuata 2019, kisha TG-7 ya 2023 ikauzwa kwa jina jipya la OM System. Nikon, Panasonic na Fujifilm nao waliwahi kuwa na zao. TG-5 inatajwa na watengenezaji kuwa inahimili kina cha mita 15 za maji, kuanguka kutoka mita 2.1, uzito wa kilo 100 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hiyo sifa ya mwisho mkazi wa Bujumbura anaweza kuisahau leo hii.

DSLR ni kamera yenye kioo ndani. Mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo kilichosimama mshazari, kisha hurushwa juu hadi kwenye tundu la kutazamia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka, shata inafunguka, na mwanga unaangukia kihisi. Nikon D1 ya 1999 ilikuwa ya watu wa magazeti. Canon EOS 300D ya 2003 ndiyo iliyoshuka chini ya dola 1,000 na kuwafungulia mlango watu wa kawaida. Baadaye zikaja kamera zisizo na kioo, watengenezaji wakahamia huko, na DSLR kubwa ya mwisho ya Canon, EOS-1D X Mark III, ikatoka 2020. Kamera ambazo zamani zilikuwa mtaji wa studio sasa zinauzwa kama mitumba, nyingi zikiwa bado nzima.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Kihisi cha TG-5 kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha 4.6, eneo la karibu milimita 28 za mraba. Cha Nikon D90 ya 2008 ni 23.6 kwa 15.8, zaidi ya milimita 370 za mraba. Ni mara kumi na tatu. Wauzaji hutaja megapikseli, na zote mbili zina kama 12, kwa hiyo mnunuzi hudhani zinalingana. Kumbe ni sawa na kukinga mvua kwa bakuli na kukinga kwa beseni.

Lakini beseni likiwekwa chini ya mfereji mwembamba halijai. Lenzi ya TG-5, ikiwa haijavutwa, inafunguka hadi f/2. Lenzi ya kawaida inayokuja na DSLR huanzia f/3.5, na hapo hupitisha theluthi moja tu ya mwanga kwa kila eneo. Ile faida ya mara kumi na tatu inabaki mara nne na kidogo. Ukivuta zumu, TG-5 inafikia f/4.9 na ile ya kawaida f/5.6, faida inapanda tena hadi mara kumi. Ndiyo maana mtu anayenunua DSLR ya zamani na kuishia na lenzi yake ya kawaida amelipia nusu ya kamera. Nusu ya pili ni lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon na Nikon wametengeneza kwa wingi kiasi kwamba haiadimiki katika mitumba.

Faida hiyo inaonekana wapi? Kwenye harusi. Sherehe nyingi zinachangamka jua likiwa limekwisha kutua, ukumbini taa ni za manjano pembeni na za rangi jukwaani, na bibi harusi au shangazi zake wamevaa vazi la kitamaduni la imvutano, jeupe juu ya ngozi nyeusi. Huo ni mtihani mgumu kuliko unavyosikika. Kamera hupima mwanga kwa wastani: ikiona nyeupe nyingi inatia picha giza na nyuso zinapotea, ikiona nyuso nyingi nyeusi inaongeza mwanga, nguo inageuka karatasi tupu isiyo na mkunjo hata mmoja. Kihisi kikubwa kinahifadhi vyote viwili katika faili ghafi, na mpiga picha anaweza kuvirejesha kwa kompyuta akiwa nyumbani. Kihisi kidogo kikifika ISO 1600 kinaanza kula nyuso, ngozi ikabaki kama udongo uliopakwa kwa vidole. TG-5 nayo inatoa faili ghafi, lakini faili ghafi haliwezi kuhifadhi kilichokuwa hakijaingia.

Sasa tutoke ukumbini. Ntahangwa ni mto mfupi unaoshuka kutoka vilimani kwa kasi, na kingo zake zimekuwa zikimong'onyoka kwa miaka mingi. Nyumba zimemezwa na nyingine zinaning'inia juu ya korongo. Anayetaka kuonyesha ukingo umesogea kiasi gani anahitaji picha zilizopigwa mahali pale pale, kwa upana ule ule, mwezi baada ya mwezi, hasa mvua inaponyesha. Kwa kazi hii TG-5 ni mali. Ina GPS ndani, na inaandika mahali na kimo cha ardhi kwenye kila picha. Inaingia mfukoni, inashikwa kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika mti, na ikitapakaa tope inasuuzwa bombani. Wala si lazima iwe nzuri gizani, maana hakuna mwenye akili anayetembea ukingoni mwa korongo hilo usiku. Hali ni ile ile kwa mwalimu wa baiolojia: kamera hizi zinalenga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lenzi, na jani au mdudu anajaa fremu nzima. DSLR inataka lenzi maalumu ya ghali kufanya hivyo.

Hata hivyo neno "ngumu" limewadanganya wengi. Kipimo cha kuanguka kwa kawaida hufanywa juu ya plaiwudi yenye unene wa sentimita 5. Barabara nyingi za mitaa ya Bujumbura zimetandikwa mawe. Kinga ya maji nayo haitoki kwenye chuma cha nje, inatoka kwenye mpira mwembamba unaozunguka mlango wa betri. Mpira huo unakauka, unapinda, unakwaruzwa na chembe ya mchanga. Watengenezaji wenyewe wanashauri ubadilishwe kila mwaka. Nani mjini anaubadilisha? Kwa hiyo kamera ngumu mpya ni ngumu kweli, lakini kamera ngumu ya mtumba ni bahati nasibu: kwa macho inapendeza, na siku ya kwanza majini inakufa moja kwa moja, bila kipuri wala fundi.

DSLR huzeeka kwa namna nyingine, sehemu moja moja, na sehemu nyingi huonyesha dalili. Shata ya D90 ilipimwa kwa mizunguko 100,000. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, hivyo muuzaji akisema "imepigwa kidogo tu" unaomba picha moja na kuisoma kwenye kompyuta. Canon nyingi zinahitaji programu ya pembeni. Kuvu kwenye lenzi huonekana ukiimulika kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi kama utando wa buibui. Unyevu wa miezi ya mvua unaistawisha, na kinga yake ni chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana pamoja na vijifuko vya kunyonya unyevu. Begi la ngozi ndilo mahali pabaya kuliko pote.

Mitego miwili zaidi inawanasa wanunuzi. Nikon D40 na D3100 hazina mota ya kulenga ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi za zamani za Nikon zinaingia lakini inabidi ulenge kwa mkono. D90 na D7000 hazina shida hiyo, na Canon waliweka mota ndani ya lenzi tangu 1987. Mtego wa pili ni kadi. EOS 300D, 350D, 400D na Nikon D70 hutumia kadi za CompactFlash, ambazo maduka ya simu hayauzi. Bei ikikushangaza kwa udogo, fungua mlango wa kadi kwanza.

Umeme nao una kura yake. TG-5 huchajiwa kwa waya wa USB, hata kutoka kwenye pawabenki, lakini betri inaisha baada ya picha 340 hivi. Betri ya D90 inakadiriwa picha 850, ila inataka chaja yake na soketi yenye umeme. Harusi nzima inaisha kabla betri hiyo haijaisha. Safari ya siku nne mlimani ni habari nyingine.

Simu nzuri ya leo, tusifichane, imekwisha kuishinda kamera ngumu katika picha za jioni nyumbani. Mwenye simu hiyo ananunua kamera ngumu kwa sababu ya maji, tope na ukaribu tu, na aitafute mpya. Anayetaka kulipwa kwa foto, kama wengi wa Bujumbura wanavyoita picha, achukue DSLR ya zamani na ile lenzi ya milimita 50.

Akilazimika kununua kamera ngumu iliyotumika, atoe betri na kadi, aweke kipande cha karatasi ya chooni mahali pa betri, afunge mlango, aizamishe kwenye ndoo kwa nusu saa. Aipanguse vizuri kabla ya kufungua. Karatasi ikiwa na hata doa moja la unyevu, airudishe kwa mwenyewe.