Meza ya Miraba

Msomaji, ukiagizwa kumtengenezea mtoto meza ya kuchezea matofali ya mbao, huenda ukaidharau kazi hiyo. Usiidharau.

Mwaka 1837, mjini Blankenburg katika nchi ya Ujerumani, mwalimu Friedrich Froebel alianza kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, kimojawapo mchemraba wa mbao uliogawanyika vipande 8 vilivyo sawa. Shule zake, alizoziita bustani za watoto mwaka 1840, zilikuwa na meza fupi zilizochorwa mistari yenye kukatana, ikafanya miraba. Mtoto alipoweka tofali mrabani, aliona mwenyewe kama limekaa sawa au limekwenda upande, hakungoja kukemewa. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kukosea: mstari wake ukipinda, mtoto hufundishwa uwongo.

Ajabu ni kwamba mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, ikidai zaeneza ukanaji Mungu na usoshalisti. Froebel alikufa mwaka 1852, marufuku ingalipo. Iliondolewa mwaka 1860.

Huko Marekani, Frank Lloyd Wright, mchoraji mashuhuri wa ramani za majumba, aliyeketi mezani hapo utotoni, aliandika uzeeni kwamba matofali yale yangalimo vidoleni mwake.