Jinsi Ethiopia Ilivyowapata Marubani Wake

Wewe msomaji, uionapo ndege ikipita juu ya shamba la baba yako, yamkini umepata kujiuliza yule anayeiongoza alijifunzia wapi. Daktari hakuzaliwa na dawa mkononi, wala nahodha hakuzaliwa ameshika usukani; lakini kwa habari ya rubani, watu wengi hudhani kwamba hapana budi awe mtoto wa tajiri aliyelipiwa masomo kwa fedha nyingi, ama askari aliyefundishwa na jeshi. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia hivyo mwaka jana, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Dhana yake haikuwa upuuzi. Kwa miaka mingi ndivyo mambo yalivyokuwa hasa, na ili uone yalivyobadilika, twende pamoja kwa jirani zetu wa kaskazini, Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, dunia ilijaa ndege zilizokosa kazi na vijana waliojua kuzirusha. Shirika la ndege lililotaka rubani halikuwa na haja ya kumfundisha mtu. Lilimchukua aliyekwisha kufunzwa kwa fedha za serikali, likamvika sare mpya. Kisima hicho hakikuweza kudumu milele. Wajerumani, ambao baada ya kushindwa walizuiwa wasiwe na shirika la ndege hata mwaka 1955, walijikuta wana ndege lakini marubani wao wamezeeka au wamesahau kazi; mwaka 1956 shirika lao la Lufthansa likaanzisha shule yake mjini Bremen. Mashirika ya Uingereza, BOAC na BEA, yalifungua chuo chao pale Hamble mwaka 1960. Katika shule kama hizo aliingia kijana ambaye hajapata kugusa usukani wa ndege, akatoka akiwa rubani.

Ethiopia ilikuwa na dhiki kubwa kuliko hao. Ilikuwa imetawaliwa na Waitaliano tangu 1936 hata 1941, na vijana wake wengi waliosoma walikuwa wameuawa. Kabla ya hapo, mwaka 1935, alifika nchini Mmarekani mweusi aitwaye John Robinson kumsaidia Mfalme Haile Selassie kwa ndege chache alizokuwa nazo. Habari ya mtu huyu yafaa uijue. Huko Chicago alikataliwa katika shule ya urubani kwa sababu ya rangi yake. Akaomba kazi ya kufagia katika shule ile ile, akawa anasikiliza masomo huku ufagio mkononi, hata mwisho wakamkubali awe mwanafunzi. Mwaka 1944 alirudi Ethiopia pamoja na wenzake, akafundisha vijana kuruka, akafa huko mwaka 1954 kwa ajali ya ndege.

Mwishoni mwa mwaka 1945 serikali ya Ethiopia iliunda shirika lake la ndege kwa mkataba na shirika la Kimarekani la TWA. Safari ya kwanza iliondoka Addis Ababa tarehe 8 Aprili 1946, ikapita Asmara, ikafika Cairo. Ndege zilikuwa za aina ya C-47, zilizokuwa za jeshi la Marekani. Marubani walikuwa wageni, na mafundi na wakubwa wa ofisi vivyo hivyo. Jina lilikuwa la Ethiopia, lakini kama wageni wale wangalifunga mizigo yao siku moja, hakuna ndege ambayo ingaliondoka uwanjani. Hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa. Ndege hununuliwa kwa fedha, hata kwa deni. Ujuzi uliomo kichwani mwa mgeni huondoka pamoja naye.

Basi Waethiopia wakaanza kupanda ngazi pole pole. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kuwa kapteni wa ndege ya abiria. Mwaka 1964 shirika likafungua shule yake ya marubani pale Addis Ababa. Mwaka 1971 Kanali Semret Medhane akawa mwenyeji wa kwanza kuliongoza shirika zima, na mwaka 1975 mkataba na TWA ukamalizika. Hesabu mwenyewe: tangu safari ya kwanza hata shule kufunguliwa ilipita miaka 18. Haikuwa kazi ya siku moja.

Sasa yatazame masomo yenyewe. Mwanafunzi huanza darasani, si angani. Hujifunza kwa nini bawa huinuliwa na hewa, jinsi mawingu yanavyojengeka, jinsi ya kusoma ramani na kupima upepo, na jinsi ya kuzungumza kwa redio kwa maneno machache yasiyo na utata. Kisha hukaa katika ndege ndogo ya injini moja pamoja na mwalimu, na mbele ya kila mmoja wao kuna usukani. Siku moja mwalimu hufungua mlango akashuka, akamwambia zunguka uwanja peke yako. Baadaye hufundishwa kuruka kwa kutazama saa za vipimo tu, bila kuona nje, maana ndani ya wingu masikio na tumbo la mtu humdanganya asijue juu wala chini. Addis Ababa ina somo lake zaidi: uwanja uko zaidi ya meta 2,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi. Mwisho huja injini mbili, halafu mtambo uigao ndege kubwa, ambamo moto huwashwa na injini huzimwa bila mtu kuumia. Hata hapo kijana huwa rubani msaidizi tu. Kwa kanuni za mataifa, leseni ya juu ya rubani wa shirika hutaka saa 1,500 za kuruka.

Utaniuliza, na sisi je? Shirika letu la East African Airways lilianza safari zake mwaka ule ule wa 1946. Lilikuwa shirika la fahari: lilipata ndege za jeti aina ya Comet mwaka 1960, na Super VC10 mwaka 1966. Wengi wa marubani wake walikuwa Wazungu. Shule ya Afrika Mashariki ya urubani, iliyowekwa Soroti nchini Uganda, ilianzishwa mwaka 1971, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likafa, shule ikabaki upande wa Uganda. Mimi naona kwamba tulizikimbilia ndege tukaichelewesha shule, ingawa najua shirika lile liliuawa na ugomvi wa serikali tatu wala si upungufu wa marubani. Hata leo kijana wa Kenya anaweza kujifunza kuruka katika shule za pale uwanja wa Wilson, Nairobi, lakini kwa kawaida mzazi wake ndiye alipaye, na gharama yake ni mamilioni ya shilingi.

Ndiyo sababu nilimweleza yule mwanafunzi wangu habari za Amsale Gualu. Alikwisha kusomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa kabla ya kuingia shule ya marubani ya shirika. Alifanya kazi miaka kadhaa kama rubani msaidizi, na mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kapteni katika shirika hilo. Mwezi wa Novemba 2015 aliiongoza ndege kutoka Addis Ababa mpaka Bangkok, na wahudumu wote waliokuwa ndani yake walikuwa wanawake. Msichana yule alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza kama usanifu wa majengo huhitaji fizikia.